Bodi ya kazi kwenye lori la tani nne: upana wa kisheria na upana unaolifaa gari

Kampuni ndogo ya visima na pampu za sola, yenye kituo Dodoma, imenunua lori la Kijapani la tani nne, la daraja la Mitsubishi Fuso Canter na Isuzu NPR, likiwa chasisi na kebini tu. Inataka bodi ya kazi: masanduku ya vifaa pande zote mbili, nafasi ya paneli katikati, na mahali pa kulaza mabomba ya mita 6. Mchoro wa kwanza uliopelekwa gereji ulikuwa na upana wa milimita 2,640. Hoja yake ni rahisi: sheria inaruhusu mita 2.65, kwa hiyo imebaki sentimita moja.

Bodi ile isingepita kwenye ukaguzi. Hata ingepita, isingelifaa gari lile. Hayo ni mambo mawili tofauti na yanafaa kutazamwa kila moja peke yake, kwa sababu mafundi wengi wa bodi hulijua la kwanza na kulisahau la pili.

Mita 2.65 inapimwa wapi

Kikomo cha upana katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mita 2.65, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Kikomo hicho kinahesabiwa kwenye upana wote wa gari. Anayepima hatafuti pale bati lilipokunjwa. Anatafuta kitu kilichotokeza zaidi upande wa kushoto na kilichotokeza zaidi upande wa kulia, kisha anachukua umbali kati yake.

Kwenye mchoro wa kwanza bati lenyewe lilikuwa milimita 2,640. Juu ya bati zilichorwa bawaba za nje, vishikizo vya kufuli, ndoano za kamba na taa za pembeni. Kishikizo cha kawaida cha chuma, kikiwa na kufuli lake, hutokeza kama milimita 45. Weka kimoja kila upande: 2,640 na 90 ni 2,730. Gari limevuka kikomo kwa sentimita 8 kabla hata ya kufungwa kamba. Turubai likifungwa juu ya mzigo uliotuna, ongeza sentimita mbili au tatu tena kila upande.

Kuna kosa jingine linalotokana na michoro inayopakuliwa mtandaoni. Mingi ni ya Marekani, ambako kikomo cha barabara kuu ni inchi 102, yaani milimita 2,591, na vipimo vyote vimeandikwa kwa inchi. Inchi si tatizo, hesabu inafanyika. Tatizo ni kwamba Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo masanduku yanayofunguliwa mara kwa mara yamepangwa upande wa kulia wa gari, ulio karibu na ukingo wa barabara. Ukinakili mchoro ule ulivyo, utingo wako atakuwa anachukua spana akiwa amesimama katikati ya njia ya magari. Kwetu vifaa vya kila saa vikae kushoto. Upande wa dereva weka vile vinavyotolewa mara moja tu mkifika eneo la kazi.

Vipimo vya gari lenyewe

Kabla ya kuchora chochote, gari lipimwe likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa. Hivi ndivyo lilivyokuwa lori la kisa hiki. Lako litatofautiana, na ni lazima ulipime mwenyewe.

Kebini ina upana wa milimita 2,000. Chasisi, kutoka ukingo wa nje wa reli moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, ni 850. Tairi za nyuma ni pacha za 7.50R16, na kutoka ubavu wa nje wa tairi ya kushoto hadi wa kulia ni 2,110. Umbali wa ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni 3,360. Bamba la kiwanda lililo kwenye gari linasema uzito wa juu wa gari na mzigo ni kilo 7,500, ekseli ya mbele isizidi 2,900 na ya nyuma isizidi 5,200.

Sasa weka bodi ya milimita 2,640 juu ya gari hilo. Inatokeza 320 kila upande kupita kebini, na 265 kupita tairi za nyuma. Dereva anapenyeza kebini mahali, anaona imepita, kumbe nyuma yake kuna kona ya chuma iliyotokeza futi moja nzima. Urefu wa kona hiyo kutoka chini ni ule ule wa usukani wa bodaboda na bega la mtu anayetembea kandokando ya lami. Vioo vya kiwandani vimetengenezwa kwa bodi inayoizidi kebini kidogo tu, hivyo kwa bodi hii vitaonyesha ubavu wa sanduku na si barabara. Suluhisho linalotumika mtaani ni kurefusha mikono ya vioo. Hapo vioo navyo vinatoka nje zaidi, vinatetemeka kwenye barabara ya vumbi, na picha anayoiona dereva inakuwa ya mawimbi.

Kikomo cha mita 2.65 kiliandikwa kikihusu pia malori makubwa, ambayo kebini yake peke yake inakaribia mita 2.5. Kwa gari la kebini ya mita 2, upana wa bodi unatokana na tairi, kebini na vioo. Kanuni inayofaa kwa daraja hili ni kuanzia kwenye upana wa nje wa tairi za nyuma na kuongeza milimita 50 hadi 80 kila upande. Inatosha kuzifunika tairi zisirushe matope na mawe juu ya milango ya masanduku, na haizidi hapo. Kwa lori hili tuliishia milimita 2,240 bati kwa bati, yaani 65 kupita tairi kila upande, na lengo kwamba hakuna kitu chochote kitakachovuka 2,300.

Paneli ndizo zilizoleta upana wote ule

Ukiuliza kwa nini 2,640, jibu liko kwenye paneli. Paneli za wati 550 zinazouzwa sana sasa zina urefu wa milimita 2,278, upana wa 1,134, na uzito wa kilo 28 hivi. Mchoro ulizilaza kimkingamo, chali, moja juu ya nyingine. Ukiacha nafasi kidogo ya kuziingiza, unahitaji ndani 2,320. Zilizobaki ni milimita 160 kila upande, ambazo mchoro uliziita masanduku ya vifaa. Sanduku la kina cha milimita 160 haliingizi mashine ya kuchomelea wala pampu. Linaingiza spana na majani ya msumeno. Gari lingepanuliwa hadi ukingo wa sheria ili kupata masanduku yasiyobeba kitu cha maana.

Na kulaza paneli chali ni kuziharibu. Kwenye barabara ya matuta, paneli za juu zinazibana za chini, katikati panapinda, na seli zinapata nyufa ambazo macho hayazioni ila umeme unazipima. Wenye viwanda wenyewe hufungasha paneli zikiwa zimesimama, na usafiri wa gari unapaswa kufuata hivyo.

Basi paneli zisimame kwa ubavu wake mrefu, zikielekea mbele na nyuma ya gari. Sasa zinahitaji urefu wa 2,278 katika bodi yenye urefu wa 4,300, na upana kulingana na idadi tu: paneli 30 za fremu ya milimita 35 zikisimama bega kwa bega zinachukua milimita 1,050. Uamuzi huu mmoja umefungua bodi nzima. Masanduku ya juu yanapata kina cha 400 kila upande, na katikati panabaki 1,440. Paneli zinakaa mbele, zikiegemea ubao wa kichwa nyuma ya kebini, kwenye fremu yenye mpira chini na ubavuni na mikanda miwili ya kukaza. Nyuma yake panabaki mita 2 za sakafu kwa jenereta, tangi au mifuko ya saruji.

Nafasi ipo chini

Anayetaka nafasi zaidi mara nyingi hutazama nje, wakati nafasi nzuri kuliko zote iko chini ya sakafu. Kutoka reli ya chasisi hadi ukingo wa bodi ya 2,240 kuna milimita 695 kila upande. Sanduku la kina cha 500 linakaa hapo na bado linaacha karibu sentimita 20 kwa paipu za breki, nyaya, na mkono wa fundi.

Mbele ya tairi za nyuma, ukiacha milimita 150 za usalama kati ya tairi na sanduku, kwenye gari hili kulikuwa na urefu wa kama mita 2.1. Upande mmoja una tangi la mafuta, na hapo sanduku likawa la mita 1. Upande wa pili kuna betri, likawa la mita 1.4. Nyuma ya tairi yaliwekwa mawili ya milimita 900. Haya ya nyuma yasishuke sana. Sanduku la nyuma lililoshuka ndilo linalogonga ardhi lori linapopanda kutoka kwenye korongo, na kisima hakichimbwi penye lami. Chini ya sanduku pasishuke kupita usawa wa katikati ya gurudumu, na kona ya nyuma ya chini ikatwe mshazari.

Vitu vizito viende huku chini na mbele ya tairi: kreni ya mnyororo, spana kubwa za mabomba, mashine ya kuchomelea. Masanduku ya juu yabebe vyepesi kama nyaya, vifaa vya umeme, viungio vya plastiki na nguo za kazi. Gawanya uzito kushoto na kulia. Barabara zetu huinamia kushoto, upande wa mtaro, kwa hiyo gari lililozidiwa upande huo huegemea mara mbili. Gari likishapakiwa, pima kutoka sakafu hadi kona ya nyuma ya bodi pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 15, hamisha vitu.

Uzito, kipande kwa kipande

Hesabu hii ifanyike kabla ya kununua chuma. Shiti ya milimita 1.5 ina kilo 11.8 kwa mita ya mraba, ya milimita 2 ina 15.7, na bati la maua (lile lenye michoro ya kuzuia utelezi) la milimita 3 lina kama 25.5. Chaneli ya 100 kwa 50 unene wa 5 ina kilo 9.36 kwa mita, na ya 75 kwa 40 ina 6.92.

Kwa bodi ya mita 4.3 kwa 2.24: reli mbili ndefu za chaneli ya 100 ni kilo 80. Boriti 10 za kimkingamo za chaneli ya 75, moja kila milimita 480 hivi, ni 152. Ukingo wa kuzunguka bodi, kilo 90. Sakafu ya bati la maua ilitandikwa katikati tu, kwenye ule upana wa 1,440, kwa sababu chini ya masanduku ya juu sakafu ya sanduku inatosha. Hapo ni kilo 158 badala ya 245. Masanduku ya juu ya shiti ya 1.5 pamoja na fremu ya bomba la mraba la 40 ni 348 yote mawili. Ya chini manne ni 145, fremu ya mabomba 103, na ubao wa kichwa, madigadi, mlango wa nyuma, taa na rangi ni kama 120. Jumla inafika kilo 1,200 hivi.

Fundi atakuambia shiti ya 1.5 ni nyepesi, weka ya 2. Kwa milango na kuta za sanduku 1.5 inatosha ikiwa imekunjwa kingo na ina mbavu. Ya milimita 2 iwe kwenye sakafu za masanduku ya chini peke yake, na uijumlishe uzito wake. Mchoro wa kwanza, kwa upana wake, sakafu nzima ya bati la maua na shiti ya 2 kila mahali, ungeongeza zaidi ya kilo 150 ambazo zingetolewa kwenye mzigo.

Chasisi na kebini ni kilo 2,500. Bodi 1,200, watu watatu 225. Kutoka 7,500 zinabaki kilo 3,575 za vifaa na mzigo. Mzigo huo ukitandazwa sawasawa, ekseli ya nyuma inabeba karibu 4,870 na ya mbele 2,630. Yote yamo ndani ya bamba, lakini nyuma pamebaki kilo 330 tu.

Akiba hiyo inaisha upesi. Weka jenereta na vyuma vya kilo 500 nusu mita kutoka mwisho wa bodi: ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 667 na ya mbele inapunguziwa 167, kwa kuwa mzigo uko nyuma ya ekseli na unaiinua mbele. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele hazishiki vizuri, na gari ambalo kwa jumla halijazidi uzito linakuwa limekaribia kabisa kikomo cha ekseli ya nyuma. Kwa hiyo jenereta ilipangiwa mahali karibu na ekseli, ikafungwa hapo kwa bolti ili isihamishwe.

Lori hili litapita mizani. Gari lolote kuanzia uzito wa tani 3.5 linatakiwa kupima, na kampuni inayofanya kazi kati ya Dodoma, Morogoro na Iringa itakutana na vituo vya mizani njiani. Kikomo cha sheria kwa ekseli moja ya tairi pacha ni tani 10, na lori hili haliwezi kukifikia. Usijipe moyo kwa hilo, kwa sababu springi na breki zako zinafuata bamba la kiwanda.

Kuifunga kwenye chasisi

Reli za chasisi hazitobolewi kwenye bapa zake za juu na chini, wala hazichomelewi. Hapo ndipo nguvu zote za kupinda zinapopita, na ufa ukianza kwenye tundu au kwenye mshono wa moto, unashuka hadi reli ikatike. Bodi inashikwa kwa yubolti (bolti zilizopindwa kama herufi U) na kwa sahani za ubavuni zinazotumia matundu yaliyokwishatobolewa kiwandani.

Kwenye lori hili ziliwekwa yubolti nne za M16 kila upande, na sahani mbili kila upande kwa nyuma. Yubolti inabana reli kutoka nje. Ukiikaza bila kitu ndani, bapa zinapinda kuelekeana na reli inapoteza nguvu. Kwa hiyo ndani ya reli, pale yubolti inapopita, panasimamishwa kipande cha mti mgumu kilichokatwa kuingia kwa kubana. Karibu na eksozi kipande kiwe cha chuma, kwa sababu mti huungua taratibu, yubolti inalegea, na hakuna anayejua hadi bodi ianze kugonga. Kabla ya kukaza kila moja, pitisha kidole kuzunguka ndani ya reli na uhakikishe hakuna paipu ya breki wala waya uliobanwa.

Ncha ya mbele ya reli ya bodi ikatwe mshazari kwa urefu wa kama milimita 200, iwe nyembamba kuelekea kebini. Ikiachwa imekatwa wima, inaikandamiza chasisi mahali pamoja, na hapo ndipo ufa wa kwanza hutokea, nyuma tu ya kebini. Pia sehemu mbili za mbele zishikwe kwa bolti ndefu zenye springi au mpira, zisikazwe kabisa. Chasisi ya lori imetengenezwa ijinyonge gurudumu moja likiingia shimoni. Bodi ya masanduku ni ngumu kama kasha na haitaki kujinyonga. Ukizikaza mbele na nyuma sawasawa, kitu kitapasuka, na kwa kawaida ni kona za milango au mishono ya boriti.

Boriti za kimkingamo nazo zinahitaji vipande vya pembetatu pale zinapokutana na reli ndefu, chini ya masanduku yote ya juu. Kwenye bodi ya 2,240 kila boriti inaning'inia milimita 695 nje ya chasisi. Kwenye ile ya 2,640 ingening'inia 895.

Kuhusu nafasi juu ya tairi: gari likiwa tupu, pima kati ya ekseli na mpira wa kugongea ulio chini ya chasisi, kisha ongeza angalau milimita 60. Hapa ilikuwa 90, kwa hiyo 150. Reli ya 100 na boriti ya 75 zinaiinua sakafu 175 juu ya chasisi, na kimo hicho kilitosha.

Na kabla ya kuchomelea chochote kikiwa juu ya gari, ondoa waya za betri zote mbili, na ushike waya wa ardhi wa mashine karibu kabisa na mahali unapochomelea. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye bearing za magurudumu au kwenye kompyuta ya injini, hasara yake ni kubwa kuliko gharama ya bodi. Njia bora zaidi ni kuijenga bodi chini, kwenye stendi, kisha kuipandisha. Ukitumia shiti ya mabati yenye zinki, isage zinki milimita 25 kutoka kwenye mshono na ufanyie kazi penye upepo, kwani moshi wake unaumiza mapafu.

Milango na makomeo

Hapa ndipo sentimita zinapopotea. Komeo la kuzama ndani ya mlango, lile la mpini bapa unaovutwa kwa vidole, halitokezi karibu kitu na lina tundu lake la ufunguo. Linahitaji kukatiwa dirisha kwenye mlango, na mlango uwe na mkunjo wa kutosha ndani, angalau milimita 25. Ni ghali kuliko kishikizo na kufuli, na kwenye gari hili ndilo lililoleta tofauti ya karibu sentimita 9 za upana.

Mwelekeo wa bawaba ni suala la usalama. Mlango wa sanduku la juu uwe na bawaba juu, ufunguke kwenda juu kwa msaada wa mkono wa gesi. Komeo likifeli barabarani, uzito wake unauweka umefungwa, na mkiwa kazini unakuwa kivuli cha mvua. Mlango wa sanduku la chini, kama unafunguka kwa ubavu, bawaba zikae upande wa mbele wa gari ili upepo uusukume ufunge. Ukiwa na bawaba chini na kuanguka nje, ukifunguka njiani unaongeza kwenye upana kimo chote cha mlango. Ukilazimika kuutumia huo, weka makomeo mawili, moja kila kona.

Bawaba zote ni za ndani, za ukanda mrefu, zilizochomelewa nyuma ya ukingo wa bati. Ndoano za kamba zilipelekwa chini ya ukingo wa bodi, zikitazama ndani. Taa za pembeni na viakisi vilizamishwa kwenye ukingo kadiri ilivyowezekana, na bado taa ilitokeza milimita 25. Kila sanduku lina mpira wa kuzuia vumbi kwenye fremu (si kwenye mlango, kwa sababu huko unang'olewa na vifaa vinavyotolewa), na tundu mbili za milimita 10 kwenye kona za sakafu yake ili maji yatoke.

Mabomba ya mita 6

Kutoka bampa ya mbele hadi mwisho wa bodi gari hili lina mita 6.08. Mabomba ya mita 6 yanaingia ndani ya urefu wa gari bila kutokeza nyuma, ila lazima yapite juu ya kebini, na kebini hii hufunuliwa mbele kila injini inapohudumiwa. Fremu iliyofungwa moja kwa moja juu yake itamlazimisha fundi wa injini kukata chuma.

Njia iliyotumika: fremu ya nyuma na ya katikati zimesimama kwenye bodi, na mbele kuna nguzo moja inayotoka kwenye ncha ya chasisi, karibu na kona ya kushoto ya bampa, inayoshikwa kwa pini mbili. Ikitolewa pini, nguzo inaondoka na kebini inafunuka. Kona ya kushoto ilichaguliwa ili nguzo isikae mbele ya macho ya dereva anayekaa kulia. Mabomba yanapita sentimita 15 juu ya paa la kebini, kwa sababu kebini hucheza kwenye springi zake. Mzigo wa juu hapo uliwekwa kilo 200 na kuandikwa kwenye fremu kwa rangi.

Kupima kazi ikiisha

Futi iliyopitishwa juu ya bodi hudanganya, kwa kuwa inalala, na kitu kilichotokeza chini ya ukingo hakionekani. Weka gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, tairi zikiwa na upepo kamili. Ning'iniza timazi kutoka kitu kilichotokeza zaidi upande wa kushoto, subiri itulie, weka alama ya chaki sakafuni. Fanya hivyo kulia. Sogeza gari, kisha pima kati ya alama kwa futi ya chuma. Rudia mbele ya bodi, kwenye tairi za nyuma na mwisho kabisa, kwa maana joto la kuchomelea huivuta bodi na ncha zake huwa hazilingani. Shusha timazi nyingine kutoka katikati ya chasisi ili ujue kama bodi imekaa katikati. Ikiegemea upande mmoja kwa zaidi ya milimita 10, legeza yubolti urekebishe.

Lori hili lilitoka 2,290 kwenye taa za pembeni, ambako ndiko kwenye upana mkubwa zaidi. Dereva aliketi, vioo vikarekebishwa: kila kimoja kionyeshe kona ya nyuma ya chini ya bodi na ukanda wa barabara kando yake. Vya kiwandani vilitosha.

Baada ya hapo gari liende kwa mkaguzi wa magari wa polisi, na mabadiliko ya bodi na uzito mtupu yaingizwe kwenye kadi ya gari kupitia Mamlaka ya Mapato (TRA). Uzito mtupu usikisiwe. Pima gari kwenye mizani likiwa na bodi, tangi limejaa, bila watu wala vifaa, kisha pima ekseli moja moja. Kampuni ya bima nayo ipewe taarifa, maana bima iliyokatiwa chasisi na kebini haitambui masanduku.

Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita 500 za kwanza, kwa sababu vipande vya mti hujikandamiza na rangi hutoka kwenye mabano. Siku hiyo hiyo zunguka gari ukitafuta kitu kilichoongezwa. Katika wiki za kwanza kazini, mtu huchomelea kishikilia dumu la maji ubavuni, mwingine hufunga ngazi nje ya sanduku, au tairi ya akiba huhamishiwa ubavuni. Kila kitu cha namna hiyo kinapoongezwa, timazi irudi na gari lipimwe upya.